Tarishi Aliyekuwa Mwandishi: Maisha ya William Saroyan

Zamani, kabla ya simu za mkononi, habari ya haraka ilipelekwa kwa telegramu. Mtu alikwenda posta, akaandika maneno machache kwenye karatasi, na akalipa kwa kuhesabiwa kila neno. Karani aliyapeleka maneno hayo kwa njia ya waya mpaka mji mwingine. Huko karani mwenzake aliyaandika upya, na tarishi akaichukua karatasi ile mpaka mlangoni kwa mwenyewe. Mara nyingi telegramu ilileta habari ya msiba. Watu wengi walishtuka walipomwona tarishi anaikaribia nyumba yao.

Katika kitabu hiki tutasoma maisha ya tarishi mmoja wa telegramu. Alikuwa mtoto wa wahamiaji. Baba yake alikufa mapema, na yeye mwenyewe hakumaliza shule. Hata hivyo alikuja kuwa mmoja wa waandishi waliojulikana sana katika Marekani. Aliandika hadithi fupi, riwaya, michezo ya kuigiza na hadithi za filamu. Alipata fedha nyingi akazipoteza. Alipewa tuzo kubwa akaikataa. Lakini kalamu hakuiweka chini mpaka uzeeni. Jina lake ni William Saroyan.

1. Watu Waliotoka Bitlis

Wazazi wa William Saroyan walikuwa Waarmenia. Waarmenia ni taifa la kale. Nchi yao ya asili ni ya milima mirefu na baridi kali. Sehemu moja ya nchi hiyo leo ni Jamhuri ya Armenia. Sehemu nyingine kubwa iko mashariki ya Uturuki.

Waarmenia wana lugha yao na herufi zao wenyewe. Herufi hizo zilitungwa karibu na mwaka 405 na mtawa mmoja aliyeitwa Mesrop Mashtots. Mwanzoni zilikuwa 36, na baadaye zikaongezwa 2. Waarmenia wametawaliwa na mataifa mengi, lakini walizishika herufi zao kwa nguvu. Walijua kuwa watu wenye maandishi yao hawasahauliki upesi.

Ukoo wa Saroyan ulikaa katika mji wa Bitlis. Mji huo umo milimani, na wakati ule ulikuwa chini ya utawala wa sultani wa Uturuki. Maisha ya Waarmenia hayakuwa salama. Kati ya mwaka 1894 na 1896 wengi waliuawa. Kwa hiyo watu walianza kuhama, na baadhi yao walivuka bahari mpaka Marekani.

Mmoja wa waliohama alikuwa Armenak Saroyan. Alikuwa mhubiri, naye alipenda kuandika. Alifika Marekani mwaka 1905. Baadaye mkewe Takuhi alimfuata pamoja na watoto watatu. Mwishowe wakafika mji wa Fresno, katika jimbo la California. Huko Waarmenia wengi walikuwa wamekwisha kufanya makao.

Tarehe 31 Agosti 1908 Takuhi alijifungua mtoto wa nne. Huyo ndiye William. Katika nyumba yao, yeye peke yake ndiye aliyezaliwa Marekani.

Waliobaki kule Bitlis walipatwa na maafa. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waarmenia wa sehemu zile waliuawa na kufukuzwa katika miji na vijiji vyao. Waliokufa wanakadiriwa kufikia milioni moja au zaidi. Bitlis ya Waarmenia ikabaki katika masimulizi tu. William alikulia katika masimulizi hayo, juu ya mji ambao hakuwa ameuona.

2. Mama Afanya Uamuzi Mgumu

Fresno ni nchi ya zabibu. Zabibu ni matunda madogo yanayozaa kwa vichala. Huko Fresno huanikwa juani mpaka zikakauka, kisha hutiwa katika maboksi na kuuzwa mbali. Wahamiaji wengi wa Kiarmenia walifanya kazi katika mashamba hayo, na wengine walinunua mashamba yao. Lakini hawakupendwa na wenyeji wote. Kulikuwa na mitaa ambayo Mwarmenia hakuruhusiwa kununua nyumba.

Armenak hakupata riziki ya kutosha kwa kuhubiri. Ilimbidi afanye kazi ya shamba, kazi ambayo hakuizoea. Mwaka 1911 aliugua tumbo ghafula akafa. William alikuwa hajatimiza miaka mitatu.

Takuhi akabaki mjane katika nchi ya ugenini, na watoto wanne. Kiingereza hakukijua vizuri. Alitafuta kazi akapata kazi ya utumishi wa nyumbani, lakini mtumishi wa nyumbani asingeweza kukaa kazini na watoto wanne. Afanye nini? Awaweke watoto karibu naye wafe njaa, au awapeleke mahali watakapopata chakula?

Alichagua kuwapeleka. Watoto wote wanne waliingizwa katika nyumba ya yatima katika mji wa Oakland. Walikaa huko kwa muda wa miaka mitano hivi. Mama yao aliwatembelea alipoweza. William alikuwa bado mdogo sana, na kuachwa kule kulimwumiza maisha yake yote. Alipokuwa mtu mzima aliandika tena na tena juu ya watoto wasio na baba, na juu ya nyumba ambayo ndani yake mtu mmoja hayupo.

Baada ya miaka hiyo mama aliwachukua watoto wake, wakarudi Fresno pamoja. Yeye akapata kazi katika kiwanda cha kufungasha matunda. Nyumbani alikuwapo pia bibi mzaa mama, aliyeitwa Lucy. Bibi huyu alikuwa hodari wa kusimulia hadithi. Jioni alieleza habari za Bitlis, za wajomba na mashangazi, za watu wajanja na watu wajinga. William alisikiliza. Hilo lilikuwa darasa lake la kwanza la utunzi.

3. Kazi ya Baiskeli

Fedha za mama hazikutosha. Watoto nao walifanya kazi. William alianza kuuza magazeti barabarani alipokuwa na umri wa miaka minane hivi. Alisimama kwenye njia panda na kupiga kelele juu ya habari za siku ile.

Alipofika miaka 13 hivi alipata kazi ya utarishi katika kampuni ya telegramu mjini Fresno. Alipewa kofia na mkoba. Alipanda baiskeli na kupeleka karatasi za telegramu mchana na usiku, nyumba za matajiri na nyumba za maskini, maofisini na mahotelini.

Fikiri, msomaji, juu ya kazi hiyo. Tarishi haandiki habari yenyewe. Haijui mpaka ifunguliwe. Lakini yeye ndiye anayesimama mlangoni wakati mtu anaposoma. Anaona uso wa mwenye nyumba unavyobadilika. Huyu anacheka kwa sababu mwanawe amepata kazi. Yule anakaa chini kwenye ngazi, hasemi kitu. William aliona nyuso nyingi za namna hiyo kabla ya kufikia umri wa kunyoa ndevu, wala hakuzisahau.

4. Maandishi ya Baba

Shuleni William hakuwa mwanafunzi mtulivu. Alibishana na walimu, na mara kwa mara aliadhibiwa. Mwishowe aliacha shule kabla ya kumaliza sekondari.

Usidhani kwamba aliacha kujifunza. Mjini Fresno palikuwa na maktaba ya watu wote. William aliingia humo akasoma vitabu, kimoja baada ya kingine, bila kupangiwa na mtu. Tena alijifunza kupiga chapa kwa mashine. Ujuzi huo ulimfaa sana baadaye.

Lakini jambo lililomgeuza lilitoka kwa mama yake. Siku moja mama alimwonyesha maandishi ya marehemu baba yake. William hakumkumbuka baba. Hakuijua sauti yake. Sasa aliona kwamba mtu huyo aliyekufa zamani ameacha maneno kwenye karatasi, na maneno hayo bado yapo. Mtu akiyasoma, ni kama baba anazungumza. Basi kijana akakata shauri kuwa mwandishi.

Kukata shauri ni rahisi, kutimiza ni kazi. Alikwenda San Francisco akafanya kazi katika kampuni ya telegramu huko, mpaka akawa meneja wa tawi moja. Usiku aliandika. Alipeleka hadithi zake kwa wahariri wa magazeti, zikarudishwa. Alipeleka nyingine, nazo zikarudishwa. Hadithi chache tu zilikubaliwa.

Mwaka 1933 gazeti la Waarmenia wa Marekani, lililoitwa Hairenik, lilianza kuchapisha hadithi zake. Hakutumia jina lake. Alijiita Sirak Goryan. Kwa hiyo waliompa nafasi walikuwa Waarmenia wenzake.

5. Hadithi Moja Kila Siku

Miaka ile ilikuwa ya shida kubwa katika Marekani. Uchumi ulikuwa umeanguka mwaka 1929. Viwanda vilifungwa, benki zilifilisika, na mamilioni ya watu hawakuwa na kazi. Watu walipanga foleni mitaani kupata mkate na supu.

William aliandika hadithi juu ya kijana mwandishi katika wakati huo wa njaa. Kijana huyo anazunguka mjini akitafuta kazi, hapati. Amebaki na senti moja tu mfukoni. Anarudi chumbani kwake, anaisugua senti ile mpaka inang'aa, halafu anakufa kwa njaa. Hadithi hiyo iliitwa The Daring Young Man on the Flying Trapeze, yaani kijana shujaa anayebembea hewani kama wachezaji wa sarakasi. Ilichapishwa mwaka 1934 katika gazeti la hadithi lililoitwa Story.

Wahariri walipoikubali, William aliwaandikia kwamba atawaletea hadithi mpya kila siku kwa mwezi mzima. Huenda walidhani anajigamba. Lakini mwezi wa Januari 1934 alikaa kwenye mashine yake kila siku, na kila siku hadithi moja ilitoka. Mwaka huo huo hadithi zake zilikusanywa katika kitabu, na kitabu kikanunuliwa sana. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Kwa fedha alizopata alisafiri. Mwaka 1935 alifika Armenia, ambayo wakati ule ilikuwa sehemu ya Umoja wa Kisovieti. Kwa mara ya kwanza aliingia katika nchi ambayo watu wote barabarani walisema lugha ya nyumbani kwao.

6. Farasi Mweupe

Mwaka 1940 Saroyan alitoa kitabu kiitwacho My Name Is Aram, yaani Jina Langu ni Aram. Kina hadithi za mtoto mmoja wa Kiarmenia na ukoo wake huko California. Kitabu hiki kilisomwa katika nchi nyingi. Hebu tueleze hadithi yake ya kwanza kwa kifupi.

Ukoo wa Aram ni maskini sana, lakini unajulikana kwa uaminifu. Hakuna mtu wa ukoo huo anayeweza kuiba. Alfajiri moja Aram anaamshwa na binamu yake Mourad. Mourad yuko nje dirishani, amepanda farasi mweupe mzuri. Aram anajua kuwa wao hawawezi kununua farasi. Kwa hiyo farasi huyu ameibwa. Lakini ukoo wao hauibi! Moyo wake unapigana. Mwishowe anajidanganya kwamba kuchukua farasi ili kumpanda tu si wizi, maadamu hawatamwuza.

Wanamficha farasi katika banda na kumpanda kila alfajiri. Baada ya muda mkulima mmoja anakuja nyumbani kwao akilalamika kuwa farasi wake amepotea. Kisha siku moja anakutana na watoto hao njiani, wakiwa na farasi. Anamtazama mnyama kinywani, jino kwa jino. Anasema kuwa angeweza kuapa kwamba huyu ndiye farasi wake, lakini anaujua uaminifu wa ukoo wao. Basi huyu lazima awe pacha wa farasi wake. Anakwenda zake.

Kesho yake alfajiri watoto wanamrudisha farasi bandani kwa mkulima. Mkulima hakuwapiga wala hakuwashitaki. Je, alijua au hakujua? Mwandishi hasemi. Sifa njema ya wazee wao iliwafunga kuliko kamba.

Hivyo ndivyo Saroyan alivyoandika. Hakutafuta wafalme na majemadari. Aliandika juu ya wakulima, matarishi, wauza magazeti, bibi na wajomba zake.

7. Tuzo Iliyokataliwa

Saroyan aliandika pia michezo ya kuigiza. Mwaka 1939 aliandika mchezo uitwao The Time of Your Life kwa muda wa siku sita. Mambo yake yanatokea katika kilabu cha pombe karibu na bandari ya San Francisco. Wanaingia humo watu wa kila aina: mabaharia, wapakia mizigo, mwanamke malaya anayeota maisha bora, kijana anayetafuta kazi ya kucheza ngoma, na askari polisi asiyeipenda kazi yake.

Mchezo huo uliwapendeza watu wa New York. Mwaka 1940 ulipata tuzo ya Pulitzer. Hii ni moja ya tuzo kubwa kabisa za waandishi wa Marekani. Pamoja nayo kulikuwa na hundi ya dola 1,000, fedha nyingi kwa wakati ule.

Saroyan aliikataa. Alisema kuwa matajiri na wafanya biashara hawana haki ya kuihukumu kazi ya sanaa. Lakini alipokea tuzo nyingine, ile ya wahakiki wa michezo ya kuigiza wa New York.

Watu walibishana sana. Wengine walimsifu kwa msimamo wake. Wengine walisema ana majivuno. Huenda pande zote mbili zilikuwa na ukweli. Saroyan alijiamini kupita kiasi, na hakuficha hivyo. Lakini tukumbuke kwamba huyu ni mtoto aliyelelewa kwa sadaka katika nyumba ya yatima. Mtu wa namna hiyo anaweza kuogopa sana mkono unaotoa, asije akawa mtumwa wake.

8. Hadithi Inayouzwa, Hadithi Inayorudi

Hollywood ni mahali zinapotengenezwa filamu za Marekani, katika jimbo lile lile la California. Makampuni ya filamu yalilipa waandishi fedha nyingi. Mwandishi aliuza hadithi, na baada ya hapo kampuni ilifanya ipendavyo.

Saroyan alikwenda kwa kampuni kubwa ya MGM, iliyoongozwa na Louis B. Mayer, akawauzia hadithi iitwayo The Human Comedy kwa dola 60,000. Maana ya jina hilo ni mchezo wa maisha ya binadamu.

Ni hadithi gani? Ni ile aliyokuwa akiibeba tangu utoto. Mtoto mmoja wa miaka 14, Homer, ni tarishi wa telegramu katika mji mdogo wa California. Baba yake amekufa. Kaka yake mkubwa, Marcus, amekwenda vitani. Kila siku zinakuja telegramu kutoka jeshini zikieleza kuwa kijana fulani amefariki. Homer ndiye anayezipeleka.

Usiku mmoja Homer anafika kwa mama mmoja mwenye asili ya Meksiko. Mama yule hajui kusoma Kiingereza. Anamwomba mtoto aifungue karatasi na kumsomea. Ndani ya karatasi kuna habari kwamba mwanawe ameuawa. Homer hawezi kukimbia, wala hawezi kudanganya. Lazima amsomee. Mama yule anamkaribisha ndani, anampa peremende, na kwa uchungu wake anamtazama kana kwamba huyu ndiye mwanawe. Mtoto anakaa pale, hajui aseme nini.

Mwishoni inakuja telegramu ya nyumbani kwa Homer mwenyewe. Marcus amekufa. Lakini jioni ile ile anafika rafiki wa Marcus kutoka vitani. Kijana huyo ni yatima, hana kwao. Anakaribishwa katika nyumba hiyo.

Saroyan alitaka kuisimamia filamu hiyo yeye mwenyewe, maana hadithi ilikuwa maisha yake. Kampuni haikukubali. Maandishi yake yalionekana marefu mno, yakapewa mtu mwingine ayafupishe. Filamu akapewa Clarence Brown kuiongoza. Saroyan alikasirika. Alitaka kuinunua tena hadithi yake, wakakataa. Akaondoka.

Hapo akafanya jambo la busara kuliko hasira. Aliichukua hadithi ile ile akaiandika kuwa riwaya, kwa maneno yake mwenyewe, bila mtu wa kumkata. Riwaya ilitoka mwaka 1943, kabla kidogo ya filamu kuanza kuonyeshwa. Ikanunuliwa mno. Hivyo watu wangeweza kuiona hadithi kama kampuni ilivyotaka, na pia kuisoma kama mwenyewe alivyoiandika. Na hadithi ile ya filamu ikampatia Saroyan tuzo ya Oscar ya hadithi bora ya mwaka 1943.

9. Vita na Kamari

Wakati riwaya ilipotoka, Saroyan mwenyewe alikuwa askari. Aliandikishwa jeshini mwaka 1942. Hakuupenda uaskari. Mwaka 1944 alikuwa London. Wakubwa walitumaini ataandika kitabu cha kuwatia watu moyo wa vita. Yeye akaandika riwaya iliyochukia vita, juu ya askari wa kawaida anayetaka kurudi nyumbani tu. Ilitoka mwaka 1946 na kuwaudhi wengi.

Mwaka 1943 alimwoa Carol Marcus, wakapata mtoto wa kiume na wa kike. Mwaka 1949 waliachana. Mwaka 1951 walioana tena, na mwaka 1952 wakaachana kabisa. Mtu aliyeandika vizuri sana juu ya nyumba yenye upendo hakuweza kuishika yake.

Sababu moja ilikuwa kamari, nyingine ulevi. Saroyan alipata fedha nyingi kwa vitabu, kwa michezo na kwa filamu. Hata wimbo mmoja aliotunga na binamu yake Ross Bagdasarian, kwa kufuata muziki wa Kiarmenia, uliimbwa na Rosemary Clooney mwaka 1951 na kupendwa nchi nzima. Lakini fedha zilipotea mezani kwa kamari. Kodi ya serikali haikulipwa, madeni yakarundikana. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena wasomaji walibadilika. Baada ya vita wengi waliona kuwa Saroyan anawasifu binadamu mno, kana kwamba ubaya haupo. Jina lake likashuka.

Alifanya nini? Alirudi kwenye mashine ya kupiga chapa. Alihamia Ulaya, akakaa sana Paris, akaandika ili alipe madeni. Aliandika michezo, hadithi na vitabu vingi vya kumbukumbu za maisha yake. Kidogo kidogo deni likapungua. Aliyoyavunja katika ndoa hakuyaunga. Lakini kazi yake hakuiacha.

10. Kurudi Bitlis

Mwaka 1964 Saroyan, akiwa na miaka 55, alisafiri mpaka mashariki ya Uturuki. Alifika Bitlis. Aliiona milima ambayo bibi yake alimsimulia. Alitembea katika mji wa wazee wake, lakini ukoo wake haukuwapo tena pale. Baadaye aliandika mchezo juu ya safari hiyo, na aliuita Bitlis.

Miaka yake ya mwisho aliigawa kati ya Paris na Fresno. Katika Fresno watu walimzoea: mzee mwenye masharubu makubwa, amepanda baiskeli kama zamani za utarishi. Alifariki huko kwa ugonjwa wa saratani tarehe 18 Mei 1981, akiwa na umri wa miaka 72.

Mwili wake ulichomwa. Nusu ya majivu ilizikwa Fresno. Nusu nyingine ilipelekwa Yerevan, mji mkuu wa Armenia, ikazikwa mahali wanapozikwa watu mashuhuri wa nchi hiyo. Mwaka 1991 Marekani na Umoja wa Kisovieti zilitoa stempu za barua zenye picha yake. Mwaka 2018 nyumba yake ya mwisho huko Fresno ilifunguliwa kuwa makumbusho.

Maandishi yake, pamoja na barua na shajara, yanatunzwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, California. Ni mengi mno. Baba yake aliacha maandishi machache, na hayo machache yaliyotunzwa na mama mjane ndiyo yaliyomwamsha mtoto.

Ndugu msomaji, wewe uliyejifunza kusoma ukubwani unajua jinsi inavyokuwa kumpa mtu mwingine barua yako akusomee. Sasa unaisoma mwenyewe. Huenda nawe unayo daftari nyumbani, au barua ya zamani ya mzazi wako. Itunze. Na kama mzee wa nyumbani kwako anajua habari za ukoo ambazo hazijaandikwa, kaa naye jioni moja na kalamu yako.

Maneno Mapya

Mhamiaji: mtu aliyetoka nchi yake akaenda kukaa nchi nyingine.
Tarishi: mtumishi anayepeleka barua na habari.
Kupiga chapa: kuandika kwa mashine yenye herufi.
Tuzo: zawadi ya heshima anayopewa mtu kwa kazi nzuri.
Mhariri: mtu anayechagua na kusahihisha maandishi kabla hayajachapishwa.
Shajara: daftari la kuandika mambo ya kila siku.

Maswali ya Kujadiliana Darasani

1. Kwa nini Waarmenia wengi walihama kutoka Bitlis?
2. Mama yake William aliwapeleka watoto wake katika nyumba ya yatima. Je, alifanya vyema? Ungekuwa wewe ungefanya nini?
3. Kazi ya utarishi ilimfundisha William mambo gani ambayo hakuyapata shuleni?
4. Je, unadhani mkulima alijua kwamba farasi mweupe alikuwa wake? Eleza sababu zako.
5. Kampuni ya filamu ilipokataa kumrudishia hadithi yake, Saroyan alifanya nini?
6. Fedha za Saroyan zilipotea vipi? Katika kijiji chetu fedha hupotea kwa njia zipi?
7. Kazi ya kuandika: Andika mistari kumi juu ya mzee mmoja wa ukoo wako. Taja alikozaliwa, kazi aliyofanya, na jambo moja ambalo usingependa lisahauliwe.